Maswali na Majibu: Ulibonyeza "Nakubali", Sasa Unauliza

Programu ya mkopo imewatumia bosi wangu na shemeji yangu ujumbe kwamba nimekataa kulipa. Nifanyeje? (Nairobi)

Swali hili haliishi, na kila anayeliuliza ameshafuta ujumbe kwa aibu. Usifute. Waombe wote wawili wapige picha ya skrini inayoonyesha namba iliyotuma, tarehe na saa. Tafuta jina la kampuni, si la programu tu. Mara nyingi hayafanani, na hapo ndipo malalamiko mengi hukwama. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu yako. Peleka lalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kulimaliza. Mwaka 2023 aliitoza Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa mchezo huohuo. Shemeji naye alalamike kivyake: hakukopa, wala hakukubali chochote. Deni lenyewe liko palepale. Lipa.

Nikiiondoa programu, namba za watu waliomo kwenye simu yangu zinafutika kwao?

Hapana. Dai kwa maandishi zifutwe. Kumbukumbu za mkopo wanaweza kubaki nazo. Namba ya shangazi yako ni ya nini? Tena, tangu Mei 2023 Google Play hairuhusu programu za mikopo binafsi kusoma namba wala picha za mteja. Ile uliyotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp ina sababu ya kutokuwepo dukani.

Nimenyimwa mkopo kabla sijaweka simu chini. Nani kaamua?

Mashine. Soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: uamuzi unaokugusa kwa uzito ukifanywa na mashine peke yake, wanapaswa kukuarifu kwa maandishi, nawe unaweza kudai uangaliwe upya na binadamu. Kifungu hiki hakikupi mkopo. Kinakupa mtu wa kujibu, na kampuni nyingi huomba Mungu usikijue.

Mwaka 2023 nilipigwa picha ya mboni na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, nikapata tokeni zake. Nina kosa?

Wewe huna. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za kibayometriki, yaani za maumbile ya mwili kama mboni, zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna. Worldcoin walipaswa kufanya tathmini ya athari kwa faragha ya watu kabla ya kukusanya, na ridhaa inayonunuliwa kwa tokeni haihesabiki kuwa ridhaa. Nywila ikivuja unaibadilisha jioni hiyohiyo. Mboni utabadilisha na nini? Atakayekuja kesho na mashine nyingine, mwulize kwanza data inahifadhiwa nchi gani na inafutwa lini. Akikuelekeza kwenye vigezo na masharti, ondoka.

Sisi wa Mwanza je?

Mnayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Itumieni.