Kurudi jumla Dar na gari: ushuru wa forodha

Je, ukirudi kuishi Dar moja kwa moja, gari lako la nje linasamehewa ushuru wa forodha? Ndiyo, linasamehewa, ila ni gari moja tu, na lazima uwe umelimiliki na kulitumia huko nje kwa miezi 12 au zaidi. Siku za melini hazihesabiwi. Sheria ni ile ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano. Uwe na miaka 18 kwenda juu na uwe unahamisha makazi kweli, siyo likizo. Basi dogo la abiria zaidi ya 13 au gari la mzigo la zaidi ya tani 2 halimo.

Wengi hukwama kwenye kadi ya gari. Ikiwa na jina la mwenzi wako, au tarehe ya miezi michache kabla ya safari, msamaha hupati. Tunza kadi ya kule, bima na pasipoti yenye mihuri, hata ya zamani iliyokwisha muda.

Vyombo vya nyumbani navyo vinasamehewa, mradi vilikuwa vikitumika kwako. Friji tatu mpya kwenye maboksi zitahesabika biashara, na ndivyo inavyopaswa. Pombe na vitambaa vya jora havimo.

Mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu wewe mwenyewe ufike nchini. Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda, mwisho siku 360. Mpe wakala wa forodha nyaraka kabla meli haijatia nanga, maana gharama za kuhifadhi mzigo bandarini hazisamehewi na msamaha huu.