Maswali na Majibu: Kompyuta Inapoamka na Inapolala

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: namna ya kuiachia kompyuta ya Linux ifanye kazi fulani yenyewe mtu anapoingia na anapoaga. Kazi hizo huandikwa kwenye faili fupi la amri, yaani skripti.

Nina steshenari Ngamiani, natumia Plasma ya KDE, eneokazi (madirisha na menyu) la Linux. Kila asubuhi nafungua programu ya kuchapia, folda ya kazi za wateja na daftari la mauzo, kimoja kimoja. Haviwezi kufunguka kwa mkupuo?

Vinaweza, dada yangu, tena bila kuandika amri hata moja. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya kuwasha na kuzima, uongeze programu unazotaka zijifungue. Mfumo utaweka faili dogo kwa kila moja ndani ya `.config/autostart`, folda iliyofichwa katika folda yako ya nyumbani. Maeneokazi mengine, GNOME na XFCE, nayo husoma hapo hapo.

Nilifuata maelekezo ya zamani, nikaweka skripti ya kuzima ndani ya `.kde/shutdown`. Haifanyi kitu. Niko Muheza.

Njia hiyo ni ya KDE 4. Plasma 5 ilipotoka mwaka 2014 mambo yalihama. Sasa weka skripti ndani ya `.config/plasma-workspace/shutdown`. Usiichanganye na folda jirani yake, `env`. Skripti za `env` husomwa kabla eneokazi halijafunguka, majina yake yaishie na `.sh`, na kazi yake ni kupanga vigezo tu, yaani mipangilio ambayo programu huisoma zinapoanza. Ukitia humo amri isiyokwisha, utakaa ukitazama kioo kitupu.

Halafu ipe skripti ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, na mstari wake wa kwanza uwe `#!/bin/sh`. Nyingi ninazoletewa hazina ugonjwa mwingine ila huo.

Skripti yangu inafanya kazi nikiiita mwenyewe kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), lakini nikiwasha kompyuta inagoma. Kwa nini? Chumbageni.

Yaelekea inaita programu kwa jina tupu, na wakati wa kuwasha mfumo haujui pa kuitafuta. Andika njia kamili, kwa mfano `/usr/bin/rsync` kwa rsync, programu ya kunakili faili. Kama inahitaji intaneti, iambie isubiri kidogo.

Mimi ni mwalimu, Pangani. Skripti yangu hunakili alama za wanafunzi kwenye diski ya nje kila ninapozima kompyuta. Juzi umeme ulikatika, na kazi ya siku nzima haikuwa na nakala.

Pole sana, mwalimu. Skripti yako haina kosa; kosa ni saa uliyoipangia. Skripti ya kuzima huendeshwa pale tu kompyuta inapoagwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika hakuna kuaga. Na hata ukiaga vizuri, mfumo hausubiri milele: kwa kawaida systemd, msimamizi wa huduma (kazi za chinichini) katika Linux, huipa huduma sekunde 90 imalize, ikizidi huuliwa. Nakala kubwa inaweza kukatwa katikati, nawe umeshafunga mlango umekwenda zako.

Kwa hiyo kazi yenye thamani usiiweke mlangoni. Iendeshe unapoingia, kwa njia ya `.config/autostart` niliyoitaja juu, kisha kila nusu saa kwa saa ya systemd. Ndani ya `.config/systemd/user` andika faili la huduma inayoita skripti yako, tuseme `nakala.service`, na pembeni yake faili la saa, `nakala.timer`, lenye `OnCalendar=*:0/30`. Iwashe saa hiyo kwa `systemctl --user enable --now nakala.timer`. Kwa kuwa rsync hunakili yaliyobadilika tu, hutasikia kompyuta ikilemewa. Wakati wa kuzima uachie mambo mepesi, kama kufuta faili za muda. Ukijaliwa, nunua na UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika: dakika chache zinatosha kuhifadhi ulichofungua na kuzima kwa amani.

Na sisi wa XFCE?

Fungua mipangilio ya kipindi na kuanza. Unapoongeza amri, chagua wakati wake: kuingia, kutoka, kuwasha upya au kuzima. Hayo ya umeme niliyomwambia mwalimu yanawahusu nanyi.