Nauza nyumba yangu bila dalali: je, ufa niutaje?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nauza nyumba yangu Nkuhungu, hapa Dodoma. Nimeandika ukutani "Nyumba inauzwa, dalali hahitajiki", na picha nimezirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Chumba cha nyuma kilikuwa na ufa, nikauziba na kupaka rangi kabla ya kupiga picha. Shemeji ananishauri niwaambie wateja kuna mtu kashafika milioni 70, ili wapande bei. Na dalali wa mtaani analalamika namkatia riziki: mwaka jana nilimpa kazi hii, akaleta watu wawili hawakununua, na sasa mmoja wao amenipigia mwenyewe. Sheria inasemaje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Kuuza mwenyewe hakuna tatizo lolote. Mali ni yako, na hakuna aya wala hadithi inayokulazimisha kupitia kwa dalali. Kibao chako kibaki ukutani.

Lakini ndugu yangu, ufa huo umenishughulisha kuliko mengine yote uliyouliza. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfunga ngamia au kondoo maziwa siku kadhaa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Aliyenunua kwa hadaa hiyo akapewa haki ya kumrudisha. Wanazuoni wakapima juu ya hapo kila kinachopambwa ili kuficha aibu, yaani kasoro, ya bidhaa, na rangi yako juu ya ufa haitoki nje ya hukumu hiyo. Kuziba na kupaka rangi si dhambi. Dhambi ni kunyamaza. Si lazima uandike ufa kwenye tangazo, maana tangazo ni fupi. Ila kabla hamjapatana bei, mpeleke mnunuzi chumba cha nyuma, mwoneshe mahali penyewe, mweleze ulianza lini. Wala usitegemee maneno "inauzwa kama ilivyo". Kwetu tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii, hayakuondolei dhamana ya aibu unayoijua.

Maji ni vivyo hivyo. Kama bombani yanatoka kwa mgao, usiandike "maji muda wote". Watu wengi wamehamia Dodoma tangu Serikali ihamishie shughuli zake huku, na mgeni hana namna ya kujua mgao wa mtaa wako ila kwa mdomo wako. Na hati pia: kama bado unayo ile ya zamani ya miaka 33 ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyokuwa ikigawa ardhi hapa Dodoma), mwambie imebaki miaka mingapi. CDA ilivunjwa 2017, na wageni wengi hawajui habari ya hati zile.

Hilo la shemeji ni haramu wazi, hata kama anakutakia heri. Mtume (s.a.w.) amekataza najash, yaani kupandisha bei kwa mtu asiyetaka kununua. Huyu wenu hata hayupo, kwa hiyo ni uongo mtupu. Bei yako itaje, ukiona ni ndogo kataa. Amesema (s.a.w.) katika hadithi ya Hakim bin Hizam kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na kudanganya, baraka yake hufutwa.

Kama una mke na mnaishi humo, pata ridhaa yake kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka, na wema wa ndoa unaitaka zaidi.

Sasa dalali. Kwa wateja wanaokuja kupitia kibao chako hana haki ya shilingi moja. Lakini huyu aliyepiga simu aliijua nyumba kwa miguu ya dalali. Kama mlikubaliana ujira kwa atakayemleta, na hamkuweka kikomo cha muda, akinunua mlipe dalali chake chote. Allah anasema: "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba." Kama hamkutaja kiasi, kaeni na mtu mwadilifu anayejua desturi ya udalali hapo mtaani, mpatane kabla hujapokea fedha za mnunuzi.

Wallahu aalam.