Ukizibwa usione mguso: ushauri kwa waamuzi wapya wa softboli

Mkimbiaji anateleza kuingia besi ya pili. Mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji, ameshatupa, shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) ameshapokea, glavu imeshuka. Lakini mgongo wa shotistopu umekaa kati yako na glavu hiyo. Umeona mkono ukishuka, umeona vumbi likitimka, umemwona mkimbiaji akiinuka huku kidole chake kikiwa juu ya besi. Mguso wenyewe, yaani glavu yenye mpira kumgusa mkimbiaji, hukuuona. Benchi moja linapiga kelele "auti!", yaani mkimbiaji ametolewa, la pili limeshanyoosha mikono "sefu!", yaani amefika salama, na wote wanakutazama wewe.

Hapo mwamuzi mpya hukosea mara mbili kwa mpigo. Kwanza alichelewa kujipanga, halafu anaziba pengo kwa kukisia. Tutaongea zaidi juu ya kosa la kwanza, maana uamuzi mwingi unaopotea kwa kuzibwa huwa umeshapotea kabla mpira haujaingia kwenye glavu.

Kwenye uamuzi wowote wa besi kuna vitu vinne vinavyotakiwa kukaa mbele ya macho yako kwa wakati mmoja: mpira, mlinzi anayeupokea, mkimbiaji, na besi watakapokutania. Kimoja kikijificha nyuma ya kingine, uamuzi wako una tundu. Kazi ya miguu yako ni kukupeleka mahali ambapo vinne hivyo vimejipanga ubavu kwa ubavu mbele yako, hakuna kilichomfunika mwenzake.

Ndiyo maana tunasema pembe kwanza, umbali baadaye. Wageni wengi hudhani dawa ya kutoona ni kusogea karibu. Ukikimbia hatua kumi kuelekea mgongo wa mtu, utakachopata ni mgongo mkubwa zaidi. Hatua mbili za kwenda kando zinaweza kufungua kila kitu. Kwa auti ya lazima, ambapo mlinzi anahitaji tu kuikanyaga besi akiwa na mpira, simama mita 4.5 hadi 5.5 kutoka kwenye besi, macho yako yakiikata njia ya mpira kwa digrii 90. Kwa auti ya kugusa, sogea hadi mita 3 au 3.5, na safari hii digrii 90 ni dhidi ya njia ya mkimbiaji, tena kwenye sehemu iliyo kabla kidogo ya besi. Mguso mwingi hutokea pale, nusu mita kabla ya kitambaa cheupe, na mwamuzi aliyekodolea besi yenyewe anaukosa akiwa anatazama mahali penye mpangilio mzuri lakini si penye tukio.

Rudi kwenye ule mgongo wa shotistopu. Mdakaji akishaachia mpira, usiutazame tu ukipita. Usome. Mpira uliokuja sawasawa utamfanya shotistopu aupokee akiwa ameipanda besi na kushusha glavu moja kwa moja, na pale ulipo panatosha. Mpira uliovutwa upande wa besi ya kwanza utamtoa mlinzi aufuate, kisha mwili wote utageuka, na mgongo utakuja kwako. Hilo unalijua mpira ukiwa bado hewani. Basi piga hatua moja au mbili kuelekea upande ambao pengo kati ya glavu na mwili wa mkimbiaji litabaki wazi. Pengo hilo liite dirisha, na ulitafute kila mara: ukiona mwanga kati ya glavu na mguu kisha mwanga ukapotea, umeona mguso.

Halafu simama. Tunalisisitiza hili kuliko yote kwa sababu ndilo linalosahaulika upesi. Mwamuzi anayekimbia wakati wa mguso huona kila kitu kinatikisika. Ni afadhali uwe mita moja nje ya mahali pako, miguu imetulia, kuliko kufika mahali pake kichwa kikiwa bado kinaruka.

Kuna kanuni moja ya kukusaidia kuchagua upande. Mpira ukipigwa ndani, ukabaki kwa walinzi wa besi, wewe kaa nje ya almasi, yaani mraba wa besi nne. Mpira ukienda uwanja wa nyuma, wewe ingia ndani ya almasi. Ukifanya hivyo, mara nyingi mpira, mkimbiaji na besi vyote vinakuwa mbele yako, na huna haja ya kugeuka ukampoteza mmoja. Hakikisha tu hukati njia ya mkimbiaji wala ya mrusho.

Besi ya kwanza ina ufundi wake, kwa kuwa pale sikio hufanya nusu ya kazi. Tazama mpira mpaka utambue kwamba mrusho ni mzuri, kisha hamishia macho kwenye besi, uone mguu wa mkimbiaji na mguu wa mlinzi, na uusikilize mpira ukigonga glavu. Lakini sauti haifiki papo hapo. Husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita 5 au 6 kutoka kwenye besi, inachelewa chini ya sekunde 0.02, jambo lisilokusumbua. Ukiwa umebaki nyuma ya hompleti (au pleti, besi ya nyumbani anaposimama mpigaji), mita 18 na ushei kutoka besi ya kwanza, inachelewa kama sekunde 0.05. Mkimbiaji anayekwenda mita 6 kwa sekunde hukata sentimita 30 ndani ya muda huo, karibu urefu wote wa besi, ambao ni sentimita 38. Maana yake, ukiamua kwa sikio kutoka mbali utawapa wakimbiaji "sefu" ambazo kwa kweli zilikuwa auti. Kwenye michezo ya shule ambako mwamuzi huwa mmoja tu, hii ndiyo sababu ya kutoka nyuma ya mdakaji mara mpira unapopigwa ndani, kuingia upande wa uwanja kuelekea besi ya kwanza, na kusimama kabla mrusho haujafika. Ukipunguza umbali hadi mita 10, umeondoa karibu nusu ya ucheleweshaji huo.

Pale pale kwenye besi ya kwanza, tatizo kubwa ni mrusho unaomvuta mlinzi kuelekea hompleti. Anaiacha besi, anageuka, anapiga glavu kwa kufagia mkimbiaji anapopita. Mwamuzi wa besi yuko nyuma yake na anaona mabega tu. Mwenzake, mwamuzi wa pleti, kama hakubaki amesimama bali alimfuata mpigaji kwa kiasi cha theluthi ya njia, analiona tukio kwa mbele. Huyo ndiye mwenye jibu. Kwa hiyo mwamuzi wa pleti asije akajisahau akatazama besi ya kwanza kama mshabiki. Kazi yake pale ni mambo mawili tu: je, glavu ilimgusa mkimbiaji, na je, mguu wa mlinzi ulitoka kwenye besi.

Ikiwa uwanja una besi ya kwanza pacha, nyeupe kwa mlinzi na ya rangi ya machungwa kwa mkimbiaji, kuona kunarahisika kwa sababu miguu hiyo miwili haikanyagi mahali pamoja. Hata hivyo tazama zote mbili. Mgeni huganda kwenye ile ya rangi.

Sasa nyuma ya pleti, ambako anayekuziba ni yule yule mdakaji kwa mchezo mzima. Usisimame nyuma yake moja kwa moja. Kaa kwenye nafasi iliyo kati ya mdakaji na mpigaji, kidevu chako kikiwa usawa wa juu ya kofia ya mdakaji, mguu wa upande wa mpigaji umetangulia, vidole vya mguu mwingine vikilingana na kisigino chake. Kutoka hapo unatakiwa uione pleti yote, hasa ile kona ya nje chini ambayo ndiyo ya kwanza kupotea. Mdakaji akisogea ndani akaifunga nafasi yako, usihamie upande wa nje. Inuka juu, utazame juu ya kofia yake. Na usiegemee mpira unapokuja. Kichwa kikihama sentimita 15, eneo lako la straiki, yaani pale mpira unapohesabiwa mzuri wa kupigwa, limehama nalo, na mpigaji anayefuata ataadhibiwa kwa mpira ule ule uliompa mwenzake boli, yaani mpira ulio nje ya eneo hilo. Kutoka kibao cha mrushaji hadi pleti ni mita 13.11 kwa wanawake. Mpira wa kasi hufika kabla nusu sekunde haijaisha. Acha macho ndiyo yatembee.

Kuna mpira mmoja ambao mwamuzi wa pleti hata akijipanga vipi huenda asiuone: straiki ya tatu iliyo chini, mgongo wa mdakaji umejikunja, na haijulikani kama aliudaka au uligonga udongo. Uamuzi huo una uzito, kwani mpira usipodakwa, kama besi ya kwanza haina mtu, au tayari kuna auti mbili, mpigaji ana haki ya kukimbia. Hapa mwamuzi wa besi anaona vizuri kuliko wewe. Kubalianeni kabla ya mchezo ishara ndogo isiyovuta macho ya watu: ngumi iliyobanwa pajani ikiwa umedakwa, kiganja wazi kinachotazama chini ikiwa uligusa ardhi. Tupa jicho kwake mara moja, kisha tangaza. Ukikaa kimya ukisubiri kuulizwa, mdakaji atatembea kwenda benchi, mpigaji ataanza kukimbia, na lolote utakalosema baadaye litamuumiza mmoja wao.

Mguso kwenye hompleti unafanana na ule wa besi ya pili, ila mdakaji ana vifaa vingi mwilini na anaziba zaidi. Anza nyuma ya ncha ya pleti, vua barakoa, kisha jione umefungwa kamba kwenye glavu ya mdakaji: ikienda kushoto, nenda, ikirudi, rudi. Angalia pia kama aliifunga njia kabla hajawa na mpira. Hicho ni kizuizi. Nyoosha mkono wa kushoto usawa wa bega, ngumi imefungwa, na uache mchezo uendelee mpaka ufikie mwisho wake. Waamuzi wanaokodolea mpira peke yake hawakioni kabisa.

Baada ya mguso, usiharakishe. Vumbi litulie. Mpira unaweza kuwa chini ya paja la mlinzi, au umetoka wakati glavu inagonga ardhi. Mwambie, "Nionyeshe mpira." Akiuinua, na uliuona mguso, toa auti kwa sauti na ngumi. Lakini angalia: mpira kuonekana mkononi kunathibitisha kwamba aliushika, hakuthibitishi kwamba alimgusa mtu. Mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi sana, na wachezaji wenye uzoefu wanajua kuinua glavu juu kwa mbwembwe ili wakuchanganye.

Je, kama kweli hukuona? Usitoe auti ambayo hukuiona. Auti lazima iwe na kitu ulichokiona: glavu kwenye mguu, mguu kwenye besi, mpira ndani ya glavu. Ukikosa kimoja, una njia mbili.

Ya kwanza ni kuuliza, na kwa mguso wa kufagia au mguu uliotoka kwenye besi ni afadhali uulize kabla ya kutangaza lolote. Mnyooshee mwenzako mkono, umuulize kwa sauti, "Alimgusa?" Naye ajibu kwa neno moja, papo hapo, maana mpira bado uko hai na wakimbiaji wengine wanaendelea. Ukishatangaza, mlango wa kuuliza bado upo, ila ni mwembamba. Kocha akiomba usaidizi, anayeamua kama utaombwa ni wewe uliyetoa uamuzi. Kutaneni mbali na wachezaji. Mwulize aliona nini, si angeamua nini. Kama naye hakuona, aseme hivyo wazi. Mwenzako hana mamlaka ya kuufuta uamuzi wako. Ukibadilika, unaubadilisha wewe mwenyewe, kisha mnawaweka wakimbiaji waliodhulumiwa na uamuzi wa kwanza mahali ambapo wangekuwa. Haya yote yakamilike kabla ya mrusho unaofuata kwa mpigaji. Baada ya hapo hakuna cha kurekebisha.

Usiulize kila kitu. Nani alifika kwanza kwenye besi ni lako, hata kama lilikuwa la kukaribiana mno. Mwenzako yuko mbali kuliko wewe.

Njia ya pili inabaki pale ambapo wote wawili mmezibwa, au uko peke yako. Tangaza sefu, kwa sauti ile ile ambayo ungetangazia auti, mikono imenyooka. Nahodha akija kuuliza kwa heshima, mjibu kwa maneno machache: "Sikuuona mguso, siwezi kutoa auti." Kisha rudi mahali pako, na kabla mrushaji hajapanda kwenye kibao, pitisha macho pale uliposimama na pale mlinzi alipogeukia, uone ni hatua ipi iliyokosekana. Mkimbiaji yuko besi ya pili sasa, na huenda mrusho unaofuata ukawa wa besi ya tatu.