Chombo Kikiwa Juu ya Magadi: Maswali Yenu

Boti yangu ya faiba, futi 23, ipo nchi kavu juu ya mapipa na matofali. Nianze na betri ya pili au tangi jipya? – Mtwapa

Anza kwa kuyaondoa hayo mapipa. Kila bamvua, maji yajaapo sana, watu wanapandisha vyombo, na kila bamvua naandika haya haya. Uzito unabebwa na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, uliokalia magogo. Magadi, yaani nguzo za kuegemeza ubavuni, kazi yake ni kuzuia chombo kisilale. Pipa hubonyea, tofali hupasuka ghafla. Mguu wa kila gadi uwekee ubao mpana, maana mchanga ukilowa mvua hutitia, kisha funga la kushoto na la kulia kwa mnyororo upitao chini ya mkuku yasiteleze nje. Ukitaka kupaka rangi nyuma ya gadi, simamisha jingine kwanza ndipo ulitoe la awali. Turubai usilifunge kwenye magadi: upepo wa kusi ukivuma litayang'oa. Betri baadaye, na ukishaipandisha kagua magadi upya, kwa kuwa uzito umehama.

Zinki, vile vipande vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya propela, nizipake rangi?

Hapana! Zinki iliyopakwa haifanyi kazi, italiwa propela.

Natoboa boti sehemu inayokaa chini ya maji kuweka pampu. Koki ya bomba la nyumbani inafaa?

Haifai. Shaba ya njano ina zinki, na maji ya chumvi huifyonza. Kwarua koki kuukuu kwa kisu: ukiona wekundu, imeshakuwa dhaifu, itavunjika mkononi. Nunua ya bronzi ya baharini, na mpira wake ufunge klipu mbili.

Mashua ya mbao inavuja. Niivike faiba niachane na kalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba?

Nimelijibu mara nyingi. Mbao huvimba na kusinyaa, faiba haiufuati mwendo huo, na resini ya poliesta, gundi ya faiba, haishiki mbao yenye unyevu. Maji ya mvua yakiingia kwa juu hukwama katikati, mbao zikaoza usizione. Ng'oa pamba iliyooza, pigilia mpya yenye mafuta, paka deheni ya kuzuia maji. Fundi wa kalafati mlipe vizuri, na mwanao akae naye ajifunze.

Naweza kupaka resini ndani ya ngama, chini kabisa ndani ya chombo, usiku, peke yangu?

Usithubutu. Mvuke wake ni mzito, hutuama chini pale pale unapoinama. Fanya mchana, feni ikivuta hewa nje, na mtu mzima akikuangalia kutoka juu.