Mfupa wa Ziwani Usiupake Gundi

Swali: Nimeokota mfupa wa kiboko kwenye mashapo ya zamani mashariki mwa Ziwa Turkana. Nimeupaka gundi usimomonyoke. Umri wake utapimika kwa kaboni-14, ile kaboni inayopungua polepole baada ya kiumbe kufa?

Jibu: Gundi tena! Nimelisema hili hadi nimechoka. Gundi nyingi za dukani zimetokana na petroli, ambayo kaboni-14 yake iliisha zamani, kwa hiyo huuzeesha mfupa. Gundi ya ngozi ndiyo balaa, kwani ni kolajeni, protini ileile ya mfupa tunayoitafuta ili kuipima. Uchafu wa leo nao hufanya kinyume: mfupa usiobaki na kaboni-14 hata chembe, ukiingiwa na asilimia 1 tu ya kaboni ya leo, utasomeka miaka 37,000 hivi. Mfupa unaomomonyoka chimba na bonge lake la udongo, ufunge kwa foili, andika tabaka na kina. Chungulia tundu la uboho: mara nyingi kuna vijizizi vyembamba kama nywele, na hivyo ni vya juzi. Tena, kwa nini uliokota? Upepo ukipeperusha mchanga, vitu vya enzi mbalimbali hulala pamoja juu ya ardhi. Na kuchimba bila kibali ni kosa kisheria.

Swali: Mfupa mweusi ni mzee kuliko mweupe?

Jibu: Hapana. Hiyo ni rangi ya madini.

Swali: Mifupa ya samaki imejaa. Nipime hiyo?

Jibu: Ikiwa una mnyama wa nchi kavu, mpime huyo. Samaki hupata kaboni yake ziwani, na maji yanaweza kubeba kaboni kuukuu iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya chokaa, hivyo samaki wa jana akasomeka wa karne nyingi. Kiboko analala majini, lakini usiku hutoka kula nyasi, kwa hiyo ana nafuu.

Swali: Na mifupa ya Olduvai?

Jibu: Ile ya tabaka la chini ina zaidi ya miaka milioni 1.7. Kaboni-14 huishia kwenye miaka 50,000 hivi. Kule hupimwa majivu ya volkano.

Swali: Maabara imesema mfupa wangu hauna kolajeni. Nimedanganywa?

Jibu: Hujadanganywa, joto limeila. Usikimbilie kupima madini ya mfupa, maana hubadilishana kaboni na maji ya ardhini. Tafuta mkaa au ganda la yai la mbuni, lakini litoke tabaka lilelile, si kwenye udongo uliotupwa kando ya shimo.