Wewe wa seftriaksoni nyumbani: SIMAMA HAPO

Umeandika kwamba mtoto wa dada yako, miaka 15, alikuwa na mafua ya kawaida, homa ikashuka, siku ya tano ikarudi kwa nguvu. Sasa anatema damu, amoksisilini haijamsaidia, na yule wa farmasi anasema umchomee seftriaksoni, sindano ya antibiotiki, hapo nyumbani. Umeuliza pia chai ya mkaratusi, na wadogo wanaolala naye kitanda kimoja. Nitafika huko.

Mimi nilifanya hivyo hivyo na mdogo wangu hapa Bukavu, Kadutu. Miaka 19, anabeba simenti sokoni, hajawahi kulazwa hata siku moja. Wa farmasi kwetu ana koti jeupe lililopigwa pasi kuliko la dokta yeyote, na mimi koti nikaliamini. Amoksisilini siku mbili, bure. Akasema, "Tupande daraja." Tukapanda: seftriaksoni asubuhi na jioni, siku tatu. Kila asubuhi namuuliza mgonjwa anajisikiaje, naye ananijibu "afadhali", maana alijua kila sindano inatoka mfukoni mwangu. Hilo "afadhali" bado nalisikia.

Usiku wa tatu nikamulika karai kwa tochi ya simu. Makohozi yalikuwa na rangi ya mawese. Nikahesabu pumzi zake: 44 kwa dakika. "Niletee maji" hakuweza kuisema bila kupumzika katikati. Tukambana kati yetu wawili juu ya pikipiki, motari akawa anateremka huku anasali kwa sauti.

Dokta akauliza swali ambalo yule wa koti hakuliuliza hata mara moja: amekuwa na majipu? Ndiyo, la pajani, mwezi uliopita. Mama alilikamua kwa kitambaa cha moto, tukamcheka alivyolia. Dokta hakucheka. Akachukua damu na makohozi kwenda maabara, na bila kungoja majibu akamtundikia vankomisini, antibiotiki ya ukoo mwingine. Siku tatu baadaye maabara ikasema: stafilokoki sugu, yaani bakteria wa majipu asiyesikia dawa hizo za kwanza.

Alinieleza pole pole, mimi niliyefeli kemia mara mbili. Penisilini na ndugu zake, amoksisilini akiwemo, huua kwa kung'ang'ania kifaa ambacho bakteria hujengea ukuta wake. Huyu sugu ana kifaa kingine, dawa hizo hazikishiki. Na seftriaksoni ni binamu wa amoksisilini! Nilikuwa nabadilisha shati, mtu ni yule yule. Tena baadhi ya bakteria hawa hutoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu, na pafu linaoza haraka.

Usiniambie "lakini huyu hajawahi kulala hospitali, usugu ataupata wapi". Nami nilisema hivyo. Mwaka 1999 Marekani walitangaza watoto wanne wa Minnesota na North Dakota waliouawa na bakteria wa aina hii, na hawakuwa wameupatia hospitalini. Unatembea kwenye ngozi, kwenye taulo, kwenye jipu la jirani.

Basi sikia. Damu kwenye makohozi baada ya mafua, na pumzi za mbio: usibadilishe dawa, badilisha mahali. Leo usiku, hospitali yenye oksijeni na maabara. Beba maboksi ya dawa zote alizomeza. Majipu uyataje wewe mwenyewe, usingoje kuulizwa.

Wangu alipona. Usaha ulijaa kifuani, wakamwekea mpira ubavuni siku 11, akalala wiki nne. Pikipiki yangu niliiuza, ndiyo maana nawapa ushauri nikitembea kwa miguu. Akipanda kilima cha Kadutu leo anapumzika mara mbili, na simenti habebi tena. Yule wa koti nikimpitia ananisalimia vizuri sana, "habari ya mgonjwa?", kana kwamba ni yeye aliyemponya.

Chai ya mkaratusi sijui, ainywe njiani akitaka. Wadogo... uliuliza nini tena kuhusu wadogo? Muulize dokta mkifika. Mmeshapata pikipiki?